Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Naomba dakika kumi kati ya jicho na jicho

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa wetu,

YAH: KICHWA CHA KIPIMO CHA PRESHA YA MACHO KUTUMIKA MGONJWA BAADA YA MGONJWA BILA KUTAKASWA

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 56, na ni mgonjwa wa presha ya macho tangu mwaka 2017. Nimekuandikia barua mbili kupitia masijala, nimetumbukiza karatasi tatu kwenye sanduku la maoni la hospitali, na Februari mwaka huu nilisimama mbele yako nikasema kwa mdomo wangu. Leo naandika hadharani kwa sababu jirani yangu mwenye jicho moja amelala ndani, dirisha limezibwa kwa khanga asiumizwe na mwanga, na mimi ndiye niliyempeleka kliniki.

Si babu yangu wa damu. Ni mzee wa mtaa wetu, seremala mstaafu, na sote tunamwita babu. Jicho lake la kulia lilizimika miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyewahi kumwambia lilizimwa na nini. Anaonea la kushoto. Mwaka mzima nilimbembeleza aende akapimwe, naye kila siku jibu lake ni kwamba haumwi. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi: presha ya macho mara nyingi haiumi, inakula pembeni kidogo kidogo mpaka unabaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Mwisho akakubali. Wiki tatu zilizopita, Jumatano, nikamkodia bajaji tukaenda.

Kwenye benchi mbele yetu alikaa kijana mmoja, jicho lake jekundu, machozi yanatiririka, anajifuta kwa kiganja kisha anashika ukingo wa benchi. Aliitwa kabla ya babu. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, hivyo niliona kila kitu. Alitiwa dawa ya ganzi, akatiwa ile dawa ya njano, akaweka kidevu kwenye mashine, taa ya buluu ikawaka, na kile kichwa cha kipimo kikasogezwa mpaka kikagusa jicho. Alipoinuka, pamba yenye spiriti ilipitishwa kwenye kile kichwa mara moja, kama mtu anavyofuta kijiko. Pamba ikarudishwa kwenye kisahani. Kisha nikasikia, "Babu, karibu."

Nilikuwa nahesabu. Haikufika nusu dakika.

Nilitaka kusema nikanyamaza. Niliogopa tukirudishwa nyumbani bila kipimo, ule mwaka wote wa kubembeleza utakuwa umekwenda na maji. Ukimya huo naulipia sasa hivi ninapoandika.

Siku ya nane babu aliamka kope zimegandana. Mjukuu wake alizilowesha kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, akitoa tongotongo taratibu, mpaka jicho likafunguka, na lilipofunguka lilikuwa jekundu lote. Nilipofika nilimshika kwanza mbele ya sikio. Kulikuwa na kitezi kimevimba, kigumu, kama harage chini ya ngozi. Babu akaniambia, "Mwanangu, ulisema wananipima tu." Mpaka leo sina jibu la kumpa.

Ndugu Mganga Mkuu, kile kitezi nilikijua kwa sababu nilikuwa nacho mimi Novemba mwaka jana, baada ya kliniki hiyohiyo, kwenye mashine hiyohiyo. Nilihisi kama nimetiwa mchanga machoni na siwezi kuutoa. Mwanga wa mlango ulikuwa unanichoma. Likaanza jicho moja, baada ya siku nne likafuata la pili, kisha mjukuu wangu wa darasa la tatu ninayelala naye chumba kimoja. Yeye alikosa shule wiki nzima. Wekundu ulipoisha nikadhani nimepona, kumbe vidoa vilikuwa vimebaki kwenye kioo cha jicho. Nikiangalia taa usiku naiona imezungukwa na ukungu. Nikishika sindano naona matundu mawili, na uzi unapita pembeni ya yote mawili.

Unajua Desemba na Januari ni nini kwa fundi wa mtaani. Ni sare za shule. Nilikuwa nimepokea oda ya sare 64, na nusu ya wazazi walikuwa wameshalipa malipo ya awali. Nilirudisha fedha za watu 30 na zaidi. Zilizobaki nilimpa kijana mmoja anishonee, na baada ya kumlipa nilichobaki nacho hakikutosha ada ya mchango wala unga. Wapo wateja ambao hawajarudi, na siwalaumu, mtoto hawezi kwenda shule na kitambaa mkononi.

Kwa ajili ya vile vidoa ilinilazimu kusafiri hadi hospitali ya rufaa ya mkoa mwingine, na huko ndiko nilikoelewa jambo hili lote. Daktari wa macho aliponichunguza alisema dawa ya matone inayotuliza vidoa hivyo ndiyo hiyohiyo inayoweza kupandisha presha ya macho kwa mtu kama mimi. Akanipa kidogo, kwa tarehe, na akanikataza kabisa kwenda kujinunulia nyingine dukani. Kwa hiyo ilinibidi nipimwe presha mara kwa mara zaidi, yaani kichwa cha kipimo kiniguse mara nyingi zaidi. Nilipoambiwa hivyo nilirudi nyuma kwenye kiti. Yule daktari aliliona hilo, akaniuliza naogopa nini, nikamweleza. Hakunikasirikia. Aliniita nisogee kwenye meza yake akanionyesha.

Palikuwa na vibakuli viwili vidogo vyenye vifuniko na saa ya kuhesabia dakika. Vichwa vya kipimo vilikuwa vinne, kila kimoja hakizidi ukubwa wa kifuniko cha kalamu. Kinachotoka kwenye jicho la mgonjwa kinasuuzwa kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na machozi na uchafu nguvu yake inaishia huko. Kisha kinalazwa kwenye kibakuli cha klorini ya asilimia 0.5. Hiyo inatengenezwa kila asubuhi kwa Jik ya kawaida, ile iliyoandikwa asilimia 3.5 kwenye chupa: kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji. Ya jana inamwagwa. Kichwa kinakaa humo dakika kumi kwa saa. Kikitoka kinasuuzwa vizuri kwa maji safi, kwa kuwa klorini ikibaki inaunguza kioo cha jicho, kisha kinakaushwa kwa tishu na kuangaliwa kwenye mwanga kama kina ufa au mikwaruzo. Wakati hicho kimelala kwenye dawa, mgonjwa anayefuata anapimwa kwa kingine. Basi. Hakuna mtambo, hakuna umeme, hakuna mtaalamu kutoka nje ya nchi.

Binti wa mdogo wangu anasoma uuguzi, na niliporudi nikamuuliza kuhusu spiriti. Aliniambia, "Mama mkubwa, spiriti inaua vijidudu vingi, lakini virusi vya macho mekundu havina lile ganda la mafuta ambalo spiriti inalivunja. Halafu ukifuta tu inakauka kabla haijafanya kazi." Akaniambia pia kwamba virusi hivyo vinaweza kukaa hai kwenye kitu kikavu kwa wiki kadhaa. Na kifaa chochote kinachogusa sehemu laini ya mwili kama jicho, alisema, hakitoshi kufutwa, kinatakiwa kutakaswa kwa dawa kali na kwa muda uliowekwa. Wanafundishwa hayo mwaka wa kwanza. Kwa hiyo siwezi kuamini kwamba ofisi yako haijui.

Tena si elimu mpya. Yule daktari alinisimulia kwamba mwaka 1941 na 1942, wakati wa vita, ugonjwa huu wa macho mekundu uliwaangusha maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya kuunda meli huko Marekani. Mtu akiingiwa na chembe ya chuma machoni alikwenda zahanati ya kiwanda kutolewa, na zahanati hizo zikawa mahali pa kuuchukua ugonjwa, kwa vifaa na mikono iliyotoka kwenye jicho la mwenzake. Wakauita jicho la kiwanda cha meli. Zaidi ya miaka 80 imepita, na babu ameupata kwa njia ileile ya kwenda kutafuta msaada.

Najua utaniambia sina uthibitisho. Ni kweli, siwezi kuapa kwamba ni kile kichwa cha kipimo. Inawezekana ni lile benchi ambalo kijana alilishika. Inawezekana ni mdomo wa chupa ya matone, kwa sababu nimeona kwa macho yangu ukigusa kope za mgonjwa na chupa ikaendelea kwa anayefuata. Inawezekana ni mahali pa kuweka kidevu, ambapo hapafutwi wala hapawekwi karatasi, au glovu zilizovaliwa asubuhi zikavuliwa mchana. Lakini yote hayo yapo ndani ya chumba kilekile, na yote yanatibika kwa maji, sabuni, klorini na mtu wa kusimamia. Mimi nimetaja kichwa cha kipimo kwa sababu ndicho kinachogusa jicho lenyewe, moja kwa moja, jicho likiwa limetiwa ganzi na haliwezi hata kujikinga kwa kupepesa.

Januari 2024 Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu, matangazo yalifika mpaka sokoni kwetu. Tuliambiwa tunawe mikono kwa sabuni, tusiguse macho, tusitumie taulo moja, tusijitibu kienyeji. Tulitii. Nyumbani kwangu kila mtu ana taulo lake mpaka leo, na mjukuu akisahau namkemea. Halafu naenda kliniki, mahali ninapopaamini kuliko nyumbani kwangu, nakuta watu 40 wanagusana jicho kwa jicho kupitia kitu kimoja.

Sasa niseme kuhusu Februari. Ulikuja hospitalini siku ya kusikiliza kero za wananchi. Tulikaa chini ya turubai, nami nilikuwa mtu wa sita kusimama. Ulinisikiliza bila kunikatiza na nilikushukuru kwa hilo, bado nakushukuru. Ukasema, na maneno yako niliyaandika palepale kwenye daftari langu la vipimo, kwenye ukurasa wenye mabega na viuno vya watoto: "Hili ni jambo dogo. Ndani ya mwezi mmoja litakuwa limekwisha." Watu walipiga makofi. Nimepiga makofi na mimi.

Machi ilipita. Aprili nilikwenda kliniki, nikakuta kibakuli kimewekwa mezani. Nilifurahi. Nilipochungulia kilikuwa kikavu, na ndani yake mlikuwa na vibanio vya karatasi. Nikamuuliza dada anayepima. Aliinamisha uso akaniambia, "Mama, kichwa ni hiki kimoja tu." Sikuwa na hasira naye tena baada ya jibu hilo. Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na naomba uipige pamoja nami. Kliniki ya macho ni Jumatano tu. Inaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tisa alasiri, ni saa sita. Wagonjwa wa kupimwa presha ni kama 40. Kila mmoja akisubiri kichwa kilale dakika kumi kwenye dawa, ni dakika 400, yaani saa sita na dakika 40 za kusubiri peke yake, bado hujampima mtu. Hata malaika hawezi. Yule dada amepewa kazi ambayo hesabu yake haikubali, na kwa kuwa foleni iko mlangoni inamwangalia, anachukua pamba. Viongezwe vichwa vitatu tu, hesabu inakubali.

Kwa nini havijaongezwa, hapo nakisia tu. Labda viliombwa vikaandikwa kwenye orodha pamoja na vitu vikubwa, na orodha ikikatwa vidogo ndivyo vinavyoanza kufutwa. Labda klorini inapofika inakwenda kwanza wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, na sina ugomvi na hilo, wanangu wote nimewazalia hapo. Labda wasimamizi wa kinga na udhibiti wa maambukizi wanapokagua wanaangalia ndoo, mabomba ya kunawia na mapipa ya taka yenye rangi zake, na hakuna anayefungua mlango wa kliniki ya macho kwa sababu ni ya siku moja kwa wiki. Au labda kuna anayeona kwamba macho mekundu hayaui, yataisha yenyewe. Kwa kijana mwenye macho mawili mazima ni kweli yanaisha. Babu ana moja.

Na hapa ndipo panaponiuma kuliko fedha za sare. Sisi wa presha ya macho hatuna namna ya kuikwepa ile mashine. Ugonjwa wetu haujionyeshi kwa maumivu, unajionyesha kwa namba, na hapa kwetu namba inapatikana kwa kuguswa jicho. Mtu akiogopa kuguswa anakaa nyumbani, na akikaa nyumbani anakuwa kipofu bila kujua ni siku gani hasa ilianza. Tangu babu augue, majirani wawili niliokuwa nimewashawishi wameniambia hawaendi. Mmoja mama yake alikufa kipofu. Nilikuwa mtu wa kuwahimiza watu mtaani kwetu, kanisani na kwenye kikoba chetu, nenda kapime, ni bure, ni dakika mbili tu. Siwezi tena kufungua mdomo kusema hivyo. Umeninyang'anya maneno hayo, Ndugu Mganga Mkuu, na nayataka.

Ninakuomba vichwa vitatu vya kipimo. Ninakuomba klorini itengenezwe kila Jumatano asubuhi na tarehe iandikwe juu ya kibakuli ili hata sisi wa kwenye benchi tuisome. Wenye macho mekundu wakae pembeni waonwe peke yao, na wasipimwe presha siku hiyo kama hakuna ulazima, na wakipimwa, kifaa kisitoke hapo kwenda kwa mwingine kabla ya zile dakika kumi. Chupa ya matone isiguse kope. Na kama haya yote ni mengi kwa mwaka huu wa fedha, basi naomba moja: dakika kumi kati ya jicho na jicho. Wagonjwa wapungue, tugawanywe Jumatano mbili, tuko tayari. Nimewauliza wenzangu kwenye foleni na hakuna aliyekataa kurudi wiki inayofuata. Chupa ya Jik haifiki bei ya mita moja ya kitambaa cha sare. Kama tatizo ni hiyo, nitakuja nayo mwenyewe mkononi, lakini kichwa cha kipimo siwezi kukinunua na wala sijui kinauzwa wapi.

Jambo moja zaidi, nalo naomba ulisome mara mbili. Usimhamishe yule dada. Usimwandikie barua ya kujieleza. Najua barua kama hii ikisomwa na watu, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni jina la mtu wa chini. Yeye aliniambia ukweli wakati angeweza kunidanganya, na huwa anabaki mpaka mgonjwa wa mwisho aondoke. Mpe vifaa, umwone atakavyofanya kazi.

Babu jana ameniambia maumivu yamepungua, ila mwanga bado hautaki na anaona ukungu. Mjukuu wake anamtia matone saa kwa saa na ananawa mikono kabla na baada. Karatasi yake ya kliniki inaonyesha presha ya lile jicho iko juu, kwa hiyo anatakiwa kurudi kupimwa Jumatano ya pili ya mwezi ujao. Na mimi tarehe yangu ni hiyohiyo. Nimemwambia nitakwenda naye, nitaingia mbele yake, na kama kibakuli kina maji na tarehe ya siku hiyo nitatoka nimwite. Hajanijibu.

Nitakuwa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, mgonjwa wa kliniki ya macho ya Jumatano